Kodi ya Jepkorir Kabla Jaji Hajasema

Jepkorir alianza biashara akiwa na miaka kumi na sita, kando ya barabara ya Kabazi, akiuza viazi. Wanunuzi wa mjini walikuja na malori, na magunia yaliyoshonewa kilemba juu, wakitaka yajazwe mpaka kwenye kilemba kwa bei ya gunia la kawaida. Wenzake walijaza wakinung'unika. Yeye aliazima mizani, akaitua chini, akasema viazi vyake vinauzwa kwa kilo. Lori la kwanza liliondoka bila viazi vyake. La pili vilevile. La tatu lilipima.

Sasa ana miaka arobaini na minne. Ni msimamizi wa ghala katika kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Nakuru, na ana nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Free Area aliyoijenga kwa mkopo wa Sacco, ambao bado unakatwa kila mwezi. Hajaolewa. Akiulizwa sababu, husema hakuna aliyefikisha bei.

Februari alimchukua Immaculate, msichana wa miaka minne kutoka makao ya watoto, akae naye kabla korti haijaamua kama atamwasili, yaani awe mwanawe kisheria. Si kwa huruma, aliwaambia majirani. Nyumba ina vyumba vitatu na yeye hulala kimoja. Majirani wakamtazama mwezi ule wa likizo aliyopewa kazini, amekaa mlangoni akimfundisha mtoto kufunga vifungo vya sweta. Mara saba mtoto alikosea, na mara saba Jepkorir alivifungua vyote waanze upya, bila kumfungia hata kimoja.

Shida ilikuja Juni. Micah, afisa wa shirika la uasili aliyekuwa akiandika ripoti ya korti, alimpa masharti mawili. Alete payslip ya mwezi huo ionekane kinachobaki mkononi, na alete karatasi ya kuonyesha karo ya mtoto imepangwaje.

"Ripoti naifunga tarehe tano Julai," Micah alisema. "Ikikosa moja kati ya hizo, kesi inasukumwa mwaka ujao. Na siwezi kukuahidi kwamba mtoto atakaa kwako muda huo wote."

Ya karo ilimleta Harun, wakala wa bima, aliyefika ghalani na mkoba na manukato.

"Madam, hii ni bima ya elimu. Elfu kumi kwa mwezi, miaka kumi. Mtoto akifika sekondari, karo inamngoja."

"Elfu tano."

"Madam, bima si viazi."

"Nani alikwambia niliuza viazi?"

"Kila mtu."

Walikutana kwenye elfu nane. Chini ya hapo, Harun aliapa, karo haingetosha hata mwaka mmoja wa bweni. Kisha akaongeza utamu: mwenye bima ya mtoto hupunguziwa kodi ya mshahara. "Mwambie dada wa mishahara aanze kuishusha mwezi huu huu. Mtoto si ni wako tu?"

"Jaji hajaniona hata uso."

"Hayo ni mambo madogo, madam."

Jepkorir alipanda ofisini kwa Umaima, binti wa mjini anayeshughulikia mishahara ya kiwanda kizima.

"Sasa, Umaima."

"Poa, mathe. Nani amekukosea leo?"

Alimweleza. Umaima akabonyeza tarakimu, akatikisa kichwa. Mshahara wa Jepkorir ni elfu sitini, na sheria inataka theluthi yake, elfu ishirini, ibaki baada ya makato yote. Kodi, makato ya serikali na mkopo wa Sacco vikishatoka, kilichobaki kilikuwa elfu ishirini na saba na mia tatu. Ukitoa bima, zinabaki elfu kumi na tisa na mia tatu.

"Haiendi. Unapungukiwa na mia saba."

"Na hiyo nafuu ya kodi?"

"Asilimia kumi na tano ya unacholipa bima. Kwako ni elfu moja na mia mbili. Ikiingia, unavuka. Lakini mtoto bado si wako, mathe. Nikikushushia kodi kwa mtoto wa kungojea, halafu korti ikatae, hiyo kodi itarudi kudaiwa, na mimi nitaitwa nijieleze."

"Kimeli wa ghalani ulimshushia mwaka jana."

"Kimeli aliniletea cheti cha kuzaliwa. Wewe umeniletea habari."

Jepkorir hakukasirika. Anayekukatalia bila sababu unaweza kumsukuma. Anayekupa sababu, unaikagua hiyo sababu. "Nisomee sheria yenyewe. Hapo penye mtoto."

Umaima akaitafuta kwenye kompyuta. "Bima ya maisha au ya elimu, ya mwajiriwa mwenyewe, au mke au mume wake, au mtoto wake..."

"Rudi nyuma. Wa kwanza ni nani?"

"Mwajiriwa mwenyewe."

"Huyo ni mimi. Na mimi nilizaliwa kitambo, cheti ninacho."

Umaima alisoma tena kimya, kisha akacheka. "Wallahi, ni kweli. Bima ikikaa kwa maisha yako, na iwe ya miaka kumi kwenda juu, mtoto hatumhitaji kabisa. Nani aliwaambia lazima iwe ya mtoto?"

"Mtu wa manukato."

"Basi leta cheti cha bima kabla ya tarehe ishirini. Nikifunga mishahara, nimefunga."

Kesho yake wakati wa chakula cha mchana, Jepkorir alipanda hadi ofisi ya Harun, orofa ya tatu. Fomu ilikuwa tayari imejazwa jina la Immaculate.

"Andika upya. Kwa jina langu."

"Madam, imeshatumwa makao makuu. Kubadilisha ni wiki tatu."

"Basi sina haja nayo. Nikipanda nimeona vibao vya kampuni nyingine mbili."

Alishuka ngazi polepole, maana anayeondoka mbio hawezi kuitwa. Alijua hakuna kampuni ambayo ingemaliza kazi kabla ya tarehe ishirini. Harun hakujua haraka ilikuwa ya nani. Jepkorir alikuwa amefika orofa ya chini, mkono uko mlangoni, aliposikia viatu vikikimbia nyuma yake.

Cheti kilifika tarehe kumi na nane, kwa jina lake. Payslip ya Juni ikatoka na elfu ishirini na mia tano chini kabisa.

Micah alikuja Free Area tarehe tatu Julai, akazisoma karatasi zote mbili, akaweka kalamu chini.

"Payslip imevuka. Lakini bima haina jina la mtoto. Jaji ataniuliza, huyu mama anapanga karo ya nani? Kesho akibadili nia, pesa ni zake."

"Leo ni zangu, ndiyo. Ningeandika ni za mwanangu, ningekuwa nimesema kitu ambacho jaji bado hajasema. Ulitaka karatasi ya ukweli au karatasi tamu?"

"Nataka karatasi ambayo haitanitoa jasho kortini."

"Basi ongeza hivi: siku amri ikitoka, nabadilisha jina la atakayelipwa ndani ya siku saba. Nitie sahihi."

"Weka kumi na nne, mama. Watu wa bima wanavuta miguu."

"Saba. Hao nawajua."

Micah akaandika saba.

Kesi ilisikilizwa Septemba. Jaji alisoma ripoti, akafika ukurasa ule, akainua macho. "Siku saba?"

"Saba, mheshimiwa."

Akampa amri. Immaculate akawa mwanawe.

Dirishani pa karani, Jepkorir aliuliza bei ya nakala zenye muhuri. "Nataka nne. Ya bima, ya shule, ya kazini na ya nyumbani."

"Mathe, hapa hatupunguzi bei."

"Sijasema upunguze. Nimeuliza ni ngapi."

Immaculate akamvuta sketi. "Yangu ni ipi?"

Jepkorir alimtazama, akahesabu tena kwa vidole, akamgeukia karani. "Basi tano."