Mwanga wa Kinamasini

Hata alipokuwa bibi mwenye wajukuu, Loy aliendelea kulishukuru neno moja la Kiswahili ambalo nusura livunje ndoa yake.

Alikuwa binti wa Kidhola kutoka kijiji cha Paya, akaolewa Lumino na Herbert Okochi, Msamia mpole aliyepigana vita vya Hitila huko Burma, akipeleka ujumbe wa jeshi kwa pikipiki. Aliporudi, Okochi alinunua pikipiki kuukuu kwa Mhindi mmoja wa Tororo, na watu wakasema huyu sasa ameoa chuma. Akamwoa Loy, Mungu ashukuriwe, lakini tabia moja ilimshinda kuiacha. Kila Ijumaa, jembe likishawekwa chini, alifunga turubai, sufuria na unga wa muhogo nyuma ya pikipiki, akateremka hadi kinamasi cha mto Sio na kupiga kambi katikati ya mafunjo. Jumapili alitoka huko moja kwa moja hadi kanisani, matope magotini, akiimba kuliko wote.

Na siku alizokuwa nyumbani? Alijilaza kidogo, kisha Loy alimsikia akinyanyuka taratibu kwenda kukaa kibarazani. Kukicha alimkuta pale pale, macho mekundu.

"Joto, Loy," alisema akiulizwa.

Joto gani, na mvua inanyesha? Loy akaanza kufikiri kwamba ni yeye asiyependeza. Jambo hilo lilimuuma sana, wala hakumwambia mtu.

Basi akatokea Omoding, Mteso muuza kambare wakavu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na kila kitu duniani kwake kilikuwa "ile": mtu ile, samaki ile, askofu naye ile. Alifika Paya na tenga lake akamwambia Othieno, kaka yake Loy, "Mimi naona mwanga kwa mafunjo, huko kwa Okochi. Ile mwanga natembea, nazunguka, halafu nasimama!"

Sasa, Othieno alikuwa amefanya kazi bandarini Mombasa, na Kiswahili alichorudi nacho alikivaa kama suti ya Krismasi. Huko Mombasa mwanga si wa taa tu. Mwanga ni mchawi pia, yule azungukaye usiku uchi wa mnyama. Omoding angesema "yule mwanga" au "ule mwanga", mambo yangeeleweka. Lakini "ile"! Othieno hakuuliza la pili. Alishika fimbo akaja Lumino.

"Dada, funga mzigo," alisema kabla hata ya kupewa maji. "Baba hakukuoza kwa mwanga. Ameonekana kinamasini akizunguka."

Loy alikumbuka jinsi mumewe anavyotoka kitandani kimyakimya. "Nani kasema?"

"Lisemwalo lipo."

"Kama lipo, kaka, twende tukalione. Likiwa kweli, nitafunga mzigo mwenyewe."

Ilikuwa Ijumaa na Okochi alikuwa ameshatangulia. Walifuata alama za magurudumu mpaka udongo ukawa tope. Jua lilikuwa linazama. Ghafla, ndani ya mafunjo, kitu kikanguruma, na mwanga ukatokea. Ukatembea, ukazunguka, ukasimama. Othieno aliinua fimbo, na Loy akaishika isishuke.

Alikuwa Okochi, pikipiki imezama nusu gurudumu, taa inawaka, naye anatafuta mahali pakavu. Nyuma yake alikuwepo Omoding, aliyekuja kutega samaki, akisukuma.

"Si nakwambia!" Omoding alimpigia Othieno kelele kwa furaha, akiipapasa taa. "Ile mwanga ndiyo hii!"

Othieno aliitazama taa, akaitazama fimbo yake. Kimombasa chote kilimkaukia kinywani. Loy alicheka mpaka akakaa chini matopeni, kisha akamweleza mumewe kilichowaleta, na hofu yake mwenyewe pia.

Okochi hakucheka. "Kule Burma paa la handaki lilituangukia tumelala," alisema. "Wenzangu walibaki chini. Tangu hapo, nikiwa chini ya paa siwezi kufumba macho. Hapa hakuna paa. Na vyura hawa ni walinzi wangu, mtu akija wananyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utasema umeolewa na nusu mtu."

Loy alichukua panga, akakata mafunjo, akayatandika manene, mapana ya kuwatosha wawili. Kisha akasonga ugali. Okochi hakumaliza hata tonge la pili, kichwa kikamlalia begani mwa mkewe.

Loy hakuwa amewahi kumwona mumewe amelala. Mdomo wazi, mikono imelegea, unga wa muhogo kidevuni. Machozi yalimtoka Loy, akamshukuru Mungu kwa tope, kwa pikipiki, kwa vyura, na kwa "ile" ya Omoding.

Othieno aliinuka, akakohoa. "Sasa baba nikamwambie nini?"

Vyura wote wakanyamaza. Loy aliweka kidole mdomoni, akangoja. Chura mmoja akaanza tena, kisha wa pili, kisha kinamasi kizima.

"Mwambie nimemwona mwanga wangu," alinong'ona. "Amelala."