Mguu wa Kushoto wa Lachlan

Pale Kilbrannoch, mji mdogo wa pwani, kapteni mpya wa klabu ya gofu hahesabiwi kapteni mpaka apige mpira wa kwanza mbele ya mji mzima. Mwaka ule ilikuwa zamu ya Lachlan Pryde, muuza nyama, na tangu ujana wake mipira ya Lachlan ilikuwa ikiishia kulia, baharini.

Hofu ya kuaibika ikampeleka kwa Rhona, mwalimu wa klabu. Rhona alimwambia asimame kama kawaida yake, akalaza fimbo chini mbele ya vidole vya miguu yake, kisha akamrudisha nyuma atazame. Fimbo ilielekea baharini.

"Mpira hauna kosa, mzee. Unakwenda unakoutuma. Huo mguu wa kushoto mbona unautanguliza? Nani alikufundisha?"

"Baba."

"Basi urudishe ulingane na mwenzake. Mabega nayo yafuate."

Wiki nzima Lachlan alijizoeza, hata buchani alipanga miguu nyuma ya meza huku wateja wakimcheka.

Siku ikafika. Roho ikiwa juu, aliona ajitoe woga kwa mzaha. "Leo nikipiga sawa, mshukuruni Rhona. Marehemu baba alinifundisha kusimama kama mtu anayechungulia choo cha jirani."

Watu wakaangua kicheko. Akanogewa, akautupa mguu mbele, akaigiza.

Mama yake, Effie, aliyekalishwa kiti cha mbele, hakucheka.

"Lachie," alisema, wala hakupaza sauti, "baba yako hakukufundisha hivyo. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki tangu mgodi ulipomwangukia. Wewe ndiye uliyemwiga."

Kicheko kikakatika. Lachlan alijua fika kwamba baba yake alikuwa akichechemea. Utotoni alikuwa akimtangulia njiani kwenda kanisani ili wasionekane pamoja. Haikumpitikia kamwe kwamba mguu alioukimbia ndio aliosimama nao miaka yote hii. Na sasa ameucheka hadharani, mbele ya mjane wa mwenye mguu. Uso ulimwiva kwa haya, ardhi ingepasuka angeingia.

Lakini ilibidi apige. Akapanga miguu kama alivyofundishwa. Mpira ukanyooka katikati ya uwanja, haujapata kunyooka hivyo. Makofi yakalia, na mama yake naye akapiga.

"Umepiga vizuri, mwanangu," alimwambia alipopita. "Baba yako angefurahi."

Hakuwa na kejeli hata chembe. Lachlan aliviinamia viatu vyake, asiweze kumtazama.