Kifungo Chini ya Mkeka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama alifua gauni langu jeupe la ubatizo, akaliondoa kambani likiwa bado bichi, majirani wasilione. Hakuwa na hakika kama ningelivaa.

Nilikuwa msichana wa huku Musaga, katika darasa la ubatizo, na mara mbili nilikuwa nimeshindwa mbele ya wazee wa kanisa. Mdogo wangu Evelina alikwisha kubatizwa. Yeye akisikia sala mara moja, imeingia. Mimi maneno yalinitoka kama maji ndani ya kikapu. Watu walisema nina kichwa kigumu, nami nikawaamini.

Safari hiyo mwalimu wetu alikuwa Mama Daforoza, mjane asiye na haraka. Alitukaririsha kama wengine, lakini pia alinitazama nikifagia kanisa baada ya somo. Akaniita kando.

"Mutoto wangu, mikono yako inasikia kuliko masikio yako. Kesho ukuje mapema."

Kesho yake alinisimulia habari ya yule mwanamke wa Injili aliyepoteza sarafu nyumbani mwake. Hakunitaka niikariri. Alikuwa ameficha kifungo cha shati, akanipa ufagio, akasema nitafute. Nilifagia pembe zote, nikasogeza mabenchi, jasho likanitoka. Nilipokiona chini ya mkeka nilicheka peke yangu. Ndipo akaniuliza, polepole, ni nani anayetutafuta hivyo. Nikakifumbata kifungo kiganjani, mwanangu, kwa kuwa nilikuwa nimeelewa.

Wengine aliwaimbisha, wengine akawachorea kwa chaki sakafuni, na waliopenda kukariri akawaacha wakariri. Alichoka, sikufichi.

Siku ya kuulizwa, mzee wa kanisa alitaka nimwambie wokovu ni nini. Maneno ya darasani yakanikimbia tena. Nikaomba ruhusa ya kusimulia. Nikaeleza habari ya yule mwanamke wa sarafu, mikono yangu ikifagia hewani, hadi furaha yake alipoipata.

"Ni mimi niliyepotea," nikamaliza, "na Mungu ameinama ananitafuta."

Wazee wakanong'onezana. Kisha yule mzee akasema, "Apana, huyu hakukariri. Huyu anajua. Abatizwe."

Nikakaa chini palepale. Mama alikuwa nje ya dirisha. Nilimsikia akishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Sasa wewe umekabidhiwa watoto wa shule ya Jumapili, na jana ulinilalamikia kwamba mmoja hashiki kitu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kabla hujasema hafundishiki, jiulize umemjaribu kwa njia ngapi. Mwimbishe. Mpe kitu ashike. Mwache asimulie kwa maneno yake, hata yakienda upogo. Ila usimwaibishe mbele ya wenzake, maana aibu huziba masikio yaliyokuwa yanaanza kufunguka.

Mungu akupe macho ya kuwaona mmoja mmoja, na moyo usiochoka upesi. Imana, Mungu wetu, ikulinde, mwanangu, wewe na wote uliopewa.