Vitanda vya Ngozi Mbichi

Miaka michache baada ya Uhuru nilipelekwa kufundisha shule ya msingi mjini Migori, nikapata chumba nyuma ya duka la mama mmoja mjane. Nilikaa humo na mwalimu mwenzangu, msichana wa Kikuria aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima. Mimi nilizaliwa kisiwa cha Mfangano. Yeye Kijaluo chake kilikuwa cha sokoni tu, na mimi Kikuria sikujua hata cha kuombea maji, kwa hiyo Kiswahili tulichofundishia darasani ndicho tulichopikia na kuchekea nyumbani.

Chumba kilikuwa kidogo. Tulilala kwenye mikeka, nguo zikiwa ndani ya masanduku ya bati, vitabu juu ya masanduku, na taa juu ya vitabu. Mvua za masika zilipoanza, sakafu ikatoa unyevu na mikeka ikaota ukungu upande wa chini. Asubuhi moja mwenzangu aliamka akakuta siafu kwenye nywele zake. Alipomaliza kuwatoa aliketi mlangoni akasema, "Dada, mimi silali chini tena."

Alilala chini bado, kwa sababu seremala wa sokoni alikuwa amezidiwa na kazi ya madawati. Alituambia turudi baada ya mavuno. Mwenzangu alisimama akamtazama akipigilia misumari, na tulipokuwa tukirudi akaniuliza, "Si ulisema baba yako anatengeneza mitumbwi?"

"Baba ndiye anatengeneza. Mimi nilikuwa naokota maranda ya kuwashia moto."

"Na ulipokuwa ukiokota, ulifumba macho?"

Sikuwa nimefumba macho. Kwetu kazi ya mbao ilikuwa ya wanaume, na baba hakuwahi kunipa msumeno mkononi, lakini hakunifukuza pia. Niliona jinsi anavyopima kwa kamba kabla ya kukata, na jinsi anavyotoboa tundu dogo kwanza ili msumari usipasue ubao.

Basi tukaanza. Mwalimu mkuu alituazima msumeno, nyundo na patasi isiyo na mpini kutoka stoo ya shule. Jirani aliyekuwa akikata mikaratusi yake alitupatia miti. Mwenye nyumba, yule mjane, akatupatia masanduku ya sabuni na ya majani chai. Ngozi aliileta mwenzangu kutoka kwao. Baba yake alikuwa mfugaji, mtu wa kupeleka ng'ombe mnadani hadi Ogwedhi, na nyumbani kwao vitanda viliwambwa kwa kamba za ngozi tangu zamani.

Tulifanyia kazi uani, jioni baada ya shule na Jumamosi mchana. Watu waliokuja dukani walisimama kututazama. Mama mmoja alituuliza kama hatuna ndugu wa kiume. Mwenzangu alimjibu kwa adabu, "Tunao, mama. Nao wana vitanda vyao."

Shida kubwa ilikuwa nafasi. Vitanda viwili sambamba vingeziba mlango. Tulichora kwa chaki sakafuni, tukafuta, tukachora tena, mpaka mwenzangu akalala chini kando ya ukuta na mimi nikalala kando ya ukuta wa pili, miguu yangu ikagusa mbavu zake. Hapo tukapata jibu. Kitanda chake tungekiinua juu, na changu kiwe kifupi, mwisho wake uingie chini ya chake. Kona iliyobaki ingetosha meza. Tulicheka tukiwa tumelala pale pale, mgongo umejaa chaki.

Tuliloweka kamba za ngozi usiku kucha, kisha tukaziwamba zikiwa mbichi, kila mmoja akivuta upande wake. Kwa siku kadhaa mbwa walikuja kunusa mlangoni. Mwenye nyumba alitoka na ufagio, akawatazama, akatutazama sisi. "Walimu, mnaniletea mbwa wa Migori nzima."

"Itakauka, mama," mwenzangu akamwambia.

Na ikakauka. Ila ngozi ikikauka hujikunja, na hilo mimi sikulijua. Ilivuta mbao za pembeni zikaanza kupinda kwa ndani, mguu mmoja ukaninginia hewani. Tukauwekea jiwe. Jumapili tukiwa tunakunywa chai uani, tulisikia mlio kama wa kuni inayopasuka. Kuingia, tukakuta kitanda changu kimeachana kwenye pembe, kimejikunja kama mtu mwenye kuumwa tumbo.

Nilikaribia kulia. Mwenzangu alichuchumaa akakikagua. "Nyumbani hakifanyi hivi," akasema. "Lakini sijawahi kuangalia chini yake kuna nini."

Nilikaa na kitanda kile alasiri nzima. Nikawaza mitumbwi ya baba, jinsi ubavu wa huku na ubavu wa huku unavyotaka kukutana, na jinsi mabao ya kukalia yanavyouzuia. Watu hudhani mabao yale ni ya abiria tu, kumbe ndiyo yanayoshikilia chombo. Siku iliyofuata tulikata gogo fupi la mkaratusi, tukalikaza katikati ya kitanda, ubao wa huku hadi wa huku. Tukafanya vivyo hivyo kwa kitanda chake. Tulipowamba upya, ngozi ilikauka na fremu haikusogea. Ilikaza mpaka ukiipiga kwa kidole inalia kama ngoma.

Kwa masanduku ya sabuni tulifanya rafu ya vitabu, na ya majani chai tukayageuza meza na kabati la nguo lenye pazia la kitambaa cha maua. Mvua ilipopiga bati mchana wa Jumamosi, tulilala kila mtu kitandani kwake tukasahihisha madaftari, na hatukuwa na haja ya kwenda popote.

Siku moja baba alikuja. Alikuwa amevuka na mashua mpaka Homa Bay, akapanda basi, mkononi ana kifurushi cha samaki wakavu. Alisimama mlangoni. Kwetu baba hakai kwenye kitanda cha binti yake, hivyo nilimtolea kiti cha mwenye nyumba, lakini hakukikalia mara moja. Aliinama, akapitisha kidole kwenye maungio, akatikisa tendegu.

"Hii kitanda nani alitengeneza?" akamuuliza mwenzangu kwa Kiswahili.

"Ni sisi, baba."

"Sisi nani?"

"Mimi na binti yako. Yeye ndiye fundi, mimi nilileta ngozi."

Akachungulia chini, akaliona gogo la katikati. Akaniuliza kwa Kijaluo nimelitoa wapi wazo lile. Nikamwambia nimelitoa kwenye mtumbwi wake. Alionyesha msumari mmoja niliopigilia karibu mno na ukingo, akasema utapasua ubao kabla ya mwaka kwisha. Kisha akaketi, akanywa chai, akazungumza na mwenzangu habari za ng'ombe.

Alipokuwa akiondoka ndipo akaniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, akasema, "Mama yako hana pa kuweka vyombo. Ukija likizo, mtengenezee."

Likizo ilipofika nilivuka kwenda Mfangano. Asubuhi baba alinikuta nyuma ya jiko nikipima mbao kwa kamba. Akaniwekea msumeno wake na randa yake kando yangu, akaenda zake ziwani kwenye mtumbwi aliokuwa akiutengeneza. Nilifanya kazi peke yangu siku ile, na sijui kama nimewahi kufurahi vile.

Mama alipanga vyungu vyake kwenye rafu, akavipangua, akavipanga tena. Sehemu ya chini aliiacha wazi kwa ajili ya sufuria kubwa, lakini kuku akawahi kutaga hapo. Mama hakumfukuza. Alimtandikia majani makavu, na sufuria ikabaki sakafuni.