Bakuli la Jirani

Mimi huchora vyombo. Watu wa Mtopanga wakisikia mchoraji hudhani nitawaandikia kibao cha duka, na nikiwaambia nachora birika na ndimu, hunionea huruma.

Ramadhani moja jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyekuwa shoga wa mama tangu sijazaliwa, alituletea futari ya muhogo wa nazi ndani ya bakuli la bati la buluu. Muhogo tukaula. Bakuli nikalipeleka dirishani, nikalitia ndimu, na nilipolitazama asubuhi nikajua halirudi leo. Buluu ile haikuwa moja. Chini ilikuwa nzito, lakini ukingoni, upande mmoja, ilipauka ikakaribia maziwa. Nilichanganya rangi, nikaikosa, nikachanganya tena.

Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Mama alipika kaimati, akaja kulidai bakuli.

"Bado," nikamwambia.

"Bado nini? Halijaiva?"

Kaimati tukazila wenyewe. Kesho yake vitumbua, vivyo hivyo. Na sioni kosa langu hapo. Ndimu zilikuwa zikigeuka manjano, na kila zikigeuka, buluu nayo yageuka. Mtu mwenye akili ataachia hapo?

Kisha futari ya jirani, tuliyozoea kuletewa, ikakatika. Mama alimsalimia ukutani, akajibiwa kwa mkato. Akarudi, akaketi mkekani.

"Maisha yetu yote hatujanuniana," alisema. "Wallahi ukinikosanisha na mwenzangu kwa sababu ya rangi, sikusamehe."

Alikuwa analia. Niliogopa kwelikweli.

Alasiri nikalirudisha mwenyewe. Mama alikuwa amegoma kupika chochote cha kuniokoa, kwa hiyo nilitia ndani ya bakuli kitu pekee nilichokuwa nacho: ule mchoro.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akachungulia. "Hiki chaliwa?"

"Hakiliwi."

"Basi umenirudishia kitupu."

Hata hivyo aliutoa, akausogeza mlangoni penye mwanga. Akaweka kidole gumba juu ya ukingo niliouchora, pale palipopauka, kisha akakiweka kwenye bakuli lenyewe, pahali pale pale. Kikaenea sawasawa.

"Ndipo nishikapo nikiwaletea," alisema polepole. "Sikujua pamechujuka."

Akampigia mama ukelele juu ya ukuta: "Njoo uone mwanao alivyonichora!"

Mama akaja mbio, akautazama mchoro, akaugeuza. "Mbona simuoni mtu?"

"Huna macho wewe. Mimi si huyu hapa!" Akamshika mama kidole, akakibandika pale ukingoni. Wakaanza kucheka, wakashikana, wakalia kidogo, wakacheka tena. Mimi nilikwisha kusahauliwa.

Magharibi futari ikaja. Muhogo ule ule, nazi ile ile, ila safari hii ndani ya kopo la plastiki, jeupe, lisilo hata ua.

"Hili halina cha kuchora," jirani alisema. "Nalitaka kesho."