Kopo Lilipomruka Mpiga Pasi

Mpiga pasi wa karakana ya sare hulowesha kidole kwa mate, akaigusa pasi ikalia chwii, kisha huilaza kola taratibu kama anayemvisha mtoto. Kopo la mchango likipita hutoa, wala haulizi nani kafikwa. Leo mshona vifungo alilipitisha mbali naye, maana mchango ulikuwa wa mpiga pasi mwenyewe: jana nyumba yake iliteketea, naye hakumwambia mtu. Mlinzi ndiye aliyeleta habari.

“Dada, mbona unaniruka? Nimekuwa mgeni hapa?”

Akatumbukiza noti pekee iliyokuwa mfukoni.

“Mwambieni huyo ndugu yetu ajikaze,” alisema mpiga pasi, akavuta shati jingine.