Gololi iliyonishawishi kwamba nchi imeinama kuelekea pwani

Wakuu, salamu kutoka Babati. Haya yalinikuta mwenyewe. Chumvi nitaongeza, ila mchuzi ni wa kweli.

Miaka ile ya themanini, sukari imekuwa hadithi na sabuni tunainusa kwa kumbukumbu, niliamini kabisa kwamba dunia ni bapa kama sinia, na sinia lenyewe limeinamia pwani.

Habari niliipata kwa utingo wa lori lililokwama mjini kwa kukosa dizeli. Alisema ndiyo maana bidhaa hazifiki huku bara: zinateleza zenyewe kurudi baharini.

Msicheke. Nilikuwa nimehitimu kisomo cha jioni, msomi wa kijiji chetu kizima cha Sigino, kwa hiyo nilitaka ushahidi. Nikaweka gololi ya beringi juu ya meza yetu. Ikabiringika taratibu, mashariki. Nikarudia. Mashariki. Nadhani nilirudia mara elfu.

Ikawa raha ya ajabu. Asubuhi ukungu umelala bondeni, nakaa pale mezani nahisi nchi nzima inateleza polepole chini yangu, na ng'ombe wake, na makanisa yake, na mimi na kikombe changu cha chai kavu.

Na mlima Kwaraa, ulioinuka upande huohuo wa mashariki? Nilikuwa na jibu: umewekwa pale kuzuia Babati isidondoke.

Sasa, mke wangu Mama Safari alikuwa na kitalu cha vitunguu. Mbegu alipewa na mama yake kule Mbulu, na miaka ile ukipoteza mbegu ndiyo basi tena. Mvua ikakata, miche ikaanza kulala. Nikajitolea kuchimba mfereji kutoka kijitoni.

Kwetu mfereji huchimbwa na maji yakiwa nyuma yako. Unayafungulia kidogo, unatazama yanataka kwenda wapi, unayafuata na jembe. Mimi nikaona hayo ni ya wasiosoma. Kitalu kiko mashariki ya kijito, na mashariki ni chini. Nikachimba mfereji mkavu, umenyooka kama rula.

Siku ya kufungulia, maji yaliingia kidogo, yakasimama, yakanitazama, yakarudi kijitoni.

Mama Safari akaniuliza nimejuaje kwamba huku ndiko chini. Nikampeleka mezani kwa fahari, nikaachia gololi. Mashariki.

Hakubisha. Alishika meza akaizungusha, upande wa huku ukawa kule, akaniambia niachie tena.

Magharibi.

Tulibeba maji kwa ndoo mpaka shingo zikaingia kifuani, huku tukichimba mfereji wa pili, unaopinda kama nyoka mlevi. Ulifika. Nusu ya miche ilipona, nusu ndiyo ada yangu ya shule.

Siku hizi nikiwaona humu mnabishana mambo ya flat earth, mmoja kaleta picha ya ziwa lililotulia na wengine wanampigia makofi, naisikia ile gololi ikibiringika. Kurudia jaribio lilelile palepale si kuongeza ushahidi, ni kulipenda jibu lako. Kama na wewe una gololi iliyowahi kukudanganya, ilete hapa tuione.

Ila kabla hujaandika, sikia alichoniambia Mama Safari siku ile, mkono wake bado uko juu ya meza:

"Baba Safari, nchi haijainama. Mguu wa meza ni mfupi."